Ile Gari Uliyoifungua

Masika wangu,

Mvua imekushika kanisani pamoja na wenzako wa korali, na mimi imenishika hapa nyumbani, niko ninalitazama begi lako la safari ya kesho. Nilitaka kukuambia haya kwa mdomo. Mais najijua. Nikianza kwa mdomo nitalia, na nikilia utanishika begani na kusema “Mama, ça va aller,” yote yatapita, na maneno yote yatarudi tumboni. Donc nimerarua karatasi za mdogo wako, atanisamehe, na ninaandika. Isome leo kabla ya kulala. Usiipeleke Beni bila kuisoma.

Sitakuandikia habari za kufua wala za kupika. Chumvi unajua kuipima kuliko mimi, na mama mdogo wako wa Mavivi hatakubali ulale na njaa nyumbani mwake. Habari za wavulana pia naziacha. Tuligombana juu yake ya kutosha, na aliyeshinda ni wewe.

Nataka kukuandikia juu ya woga, woga wangu. Wewe unafikiri sili vizuri siku hizi kwa sababu sipendi uende. Umenitazama nikisukuma fufu kwenye sahani. Si hivyo. Kuko habari moja juu ya kazi yako ambayo sikukuambia, na nikikuacha uende bila kuijua, sitapata usingizi tena. Nitaifikia polepole. Nivumilie, habari yenyewe ni ya mbio, siwezi kuiingia kwa mbio.

Unajua nilisoma mpaka fasi gani. Niliacha shule na mimba yako, na baba yako alipokwenda kwenye machimbo ya dhahabu hakurudi, hata salamu hakutuma. Tumekua pamoja, wewe na mimi. Mpaka leo watu wa sokoni wakituona tumebeba bidoni za mawese wanauliza mkubwa ni nani. Tena siku zingine wewe ndiye uliyetangulia na mimi nikafuata nyuma, nikijifanya najua njia.

Unakumbuka siku uliporudi kutoka garaje ukasema, “Mama, Patron amenipa kazi ya calculateur”? Nilifurahi sana. Nikaenda sokoni kumwambia Mama Kahindo, yule jirani yangu anayeuza mchele, na yeye akanipa ile mashini yake ndogo ya kuhesabia iliyokuwa imekufa: “Basi mupelekee mutoto, anitengenezeye.” Nikakuletea. Ulicheka mpaka ukakaa chini juu ya bidoni ya mawese. “Mama! Hii ni calculatrice! Miye niko nasema calculateur!” Kwangu mimi ilikuwa mke na mume wa kitu kimoja. Ukanishika mkono mpaka kwenye gari iliyokuwa mbele ya garaje, ukainua kifuniko, ukanionyesha sanduku la chuma, dogo kama kopo la sardini, lenye nyaya nyingi zinazoingia upande mmoja.

“Hii njo inaamuaka moteri ikunywe mazutu kiasi gani, na saa gani,” ukasema. “Ni kichwa yake.”

“Na weye unaingia mu kichwa ya gari?”

“Naingia.”

“Na inakubali?”

“Ikikataa naiomba pardon.”

Watu wa garaje walicheka, na mimi nilicheka. Halafu nikakuuliza swali ambalo wewe umelisahau pengine, lakini mimi sikulisahau. Nilikuuliza: kama moteri iko na nguvu zaidi ndani yake, kwa nini wale walioitengeneza hawakuiachilia yote? Ulinijibu ukiwa umeinama, huku unatafuta tundu la kuchomeka waya chini ya usukani: “Waliogopa, mama. Wanaachaka nafasi kidogo. Juu ya mazutu mubaya, juu ya joto, juu ya shofere mubaya.”

Niliwapenda wale watu. Sijui wanakaa inchi gani. Lakini walikaa fasi fulani, wakamfikiria shofere mbaya kwenye barabara mbaya ambaye hawatamwona maisha yao yote, wakamwachia nafasi kidogo. Na wewe kazi yako ni kuingia na kuichukua ile nafasi. Sikusema kitu siku ile. Niliona jinsi Patron alivyokuwa anakutazama, mzee kama yule anamtazama msichana kwa heshima, na moyo wangu ulijaa.

Habari ya pasi ya nguo unaijua, sitairefusha. Jumamosi ile ulikuwa na gari ya mtu hapa kwenye parsele yetu, mbele ya nyumba, mashini yako, ile kompyuta ndogo, imefungwa na waya kwenye gari, chaja inashikilia betri, vyote kwenye ralonji moja, waya mrefu wa umeme uliotoka kwa jirani. Mimi nilikuwa na nguo za misa za watoto. Nikachomoa kitu kimoja nikachomeka pasi. Kitu kidogo tu, nikafikiri, dakika kidogo. Nikasikia unalia “Mama!” kama mtu aliyeungua. Ulikuwa katikati ya kuandika ndani ya kile kichwa, na kichwa kilichoandikwa nusu hakijui tena kama ni cha zamani au ni kipya. Gari haikuwaka tena. Patron alipaswa kutafuta sanduku lingine mpaka Uganda. Siku ile nilijifunza kwamba kazi yako iko na saa ambayo mtu hapaswi kukugusa, na nikajiapia sitakugusa. Nimevunja kiapo kile, utaona.

Sasa nifike.

Ile siku niliyokwenda Mbau kuchukua mawese, nilipanda minibus ya Kambale, yule shofere. Wewe ulijua nilikwenda, asubuhi ile hukujua bado nilipanda na nani. Kutoka Butembo mpaka Beni nilikuwa nyuma, nimelala. Beni watu wakashuka, akaniita mbele: “Mama Masika, kuja hapa karibu na miye. Leo utaona. Tumeifungua.”

Nikatazama mlango wa upande wangu. Nikauvuta. “Imefungwa vizuri,” nikamwambia.

Alicheka mpaka akapiga usukani. “Si mulango, mama! Moteri! Mutoto wako njo aliifungua. Mbele ilikuwa inapanda mulima sawa mama wa mimba. Sasa angalia.”

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu, mwenye kuku kwenye kikapu, akamtupia: “Kambale, kama unatupeleka mbinguni sema, nishuke. Maharagi yangu haijavunwa.”

“Mbinguni hakuna barabara, mama. Tutaishia Mbau.”

Tukapita Mavivi, tukauacha uwanja wa ndege, na pale akaikanyaga. Masika, sijui niseme nini. Mgongo wangu ulirudi kwenye kiti kama mtu amenisukuma kifuani. Kitu kilipiga mluzi ndani ya moteri. Wamama wakapiga vigelegele, mwenye kuku akaita jina la Bikira, na mimi, nitakuambia ukweli, nilijivuna. Niligeuka nyuma nikawaambia, “Ni mutoto wangu. Musichana.” Nikairudia mara nyingine kwa wale waliokuwa kiti cha mwisho.

Halafu tukafika fasi ile ambapo watu wanaacha kuongea. Utaijua wewe mwenyewe, hakuna anayekuonyesha. Nyumba zinaisha, zingine ziko bila mlango, majani yamepanda mpaka dirishani, na msitu wanamotoka wale wanaoua unakuja karibu na barabara. Mwenye kuku alifunika kikapu kwa kitenge, kama vile kuku wakinyamaza sisi hatutaonekana. Kambale hakucheka tena. Akakanyaga zaidi. Nikaelewa kwa nini alikuomba nguvu. Haikuwa ya kujionyesha. Ile fasi kila mtu anataka iwe fupi, na nguvu yako iliifanya fupi.

Tukatoka kwenye kona.

Bariyeri ya wasikari, siku zote ilikuwa ng'ambo ya daraja. Kambale aliijua kama anavyojua mlango wa kwake, alijua aanzie wapi kupunguza mwendo. Lakini usiku uliopita kulikuwa na shambulio upande huu wa daraja, na asubuhi wasikari walikuwa wameisogeza huku, mbele ya daraja, karibu na kona. Mti wa bambu umelazwa juu ya barabara. Na sisi tulikuwa tunakuja kutoka upande ule ule waliokuwa wanautazama kwa woga tangu alfajiri, katika gari inayopiga mluzi, kwa mwendo ambao gari za inchi hii hazina.

Msikari mmoja alijitupa kwenye mtaro. Mwingine akapiga goti na kuinua bunduki.

Kambale alikanyaga freni kwa miguu miwili. Gari ilitaka kusimama na bidoni tupu hazikutaka, zilitujia zote kutoka nyuma, moja ikanipiga hapa kisogoni. Ule uvimbe niliokuambia ni wa mlango wa nyumba ya choo, ulitoka pale. Tuliposimama, bambu lilikuwa limelala juu ya kifuniko cha moteri na mdomo wa bunduki ulikuwa mbele ya kioo, upande wangu.

Alikuwa mtoto, Masika. Ndevu hazijaota. Alikuwa anapiga kelele kwa Lingala, “Bino banani? Mbangu ya nini?” Sisi ni nani, na mbio ni ya nini. Kambale alifungua kinywa na hakuna sauti iliyotoka. Yeye anayesema saa zote! Basi nikajibu mimi, mikono juu, kwa Kiswahili kwa sababu Lingala yangu ni ya nyimbo tu: “Papa, tuko batu ya soko. Tulikuwa tunaogopa.”

Akanijibu kwa sauti ambayo bado naisikia nikiosha vyombo: “Ngai mpe nazobanga!”

Na mimi pia naogopa. Ndiyo alivyosema. Bunduki hakuishusha, na kidole chake kilikuwa kwenye kifyatulio. Hatukuwa na adui pale. Yeye alimwogopa aliyekuja mbio, sisi tulikuja mbio kwa sababu tuliogopa, na katikati yetu kulikuwa na kioo tu.

Msikari mwingine, mtu mzima, alitoka nyuma ya mti. Aliweka mkono wake juu ya chuma ya ile bunduki na akaishusha polepole, kama unavyoshusha mkono wa mtoto anayetaka kugusa chungu cha moto. Halafu akamtazama Kambale. “Gari ikikuja vile,” akasema kwa Kiswahili, “siye hatuulizake ni nani.” Akainua bambu, akatuacha tupite. Mwenye kuku alikuwa amejikojolea na hakuna aliyemcheka.

Kama habari ingeishia pale, barua hii ingekuwa rahisi. Ningekuambia: mwanangu, acha kazi hii, rudi tuuze mawese. Lakini iko na mkia.

Tulirudi mchana, gari imejaa, bidoni zangu zimejaa, zingine juu ya paa. Kwenye kilima kinachofuata daraja, tukasikia milio ya risasi kutoka upande wa mashamba ya michikichi. Si mbali. Kambale hakuuliza mtu. Alikanyaga, na ile gari ikapanda kilima na mzigo wote ule kana kwamba imebeba pamba. Wamama wote tulikuwa tumelala chini, mmoja juu ya mwingine, mafuta yananimwagikia miguuni, na mimi nilikuwa nasema jina lako. Siyo la Mungu, anisamehe. Lako. Nilikuwa nasema Masika, Masika, sukuma.

Nyuma yetu kulikuwa na gari nyingine, ya zamani, ambayo hakuna aliyeifungua. Hiyo ilifika Beni baadaye sana, bila vioo. Niliiona ikisimama. Msichana mmoja alishuka ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, anautazama kama mkono wa mtu mwingine. Wengine hawakushuka kwa miguu yao. Sitaandika zaidi ya hapo.

Donc nikuambie nini? Asubuhi kazi ya mikono yako ilinipeleka mbele ya bunduki. Mchana, kazi ile ile ikanitoa. Siku moja, gari moja, namba zile zile ulizoandika. Nimeyageuza mambo haya mawili kichwani sawa na mtu anayegeuza ndizi kwenye moto, na kila upande unaungua.

Niliporudi nyumbani ulikuja mbio mlangoni, Kambale alikuwa amekupigia simu. “Mama, ulipanda gari yangu! Ilikuwa aje?” Macho yako yalikuwa yanawaka. Nikasema, “Ilikuwa muzuri,” nikakuomba maji ya kuoga. Ulingoja nikuambie zaidi. Nikafunga mlango.

Na kesho yake nikaenda garaje. Hilo unalijua, na bado linakuuma, naona. Nilikwenda kumwambia Patron asikutume hata siku moja njia ya Mbau, na nilimwambia mbele ya watu, nikiwa nimevaa kitenge cha sokoni, nikilia. Walikucheka. Walikuita bébé ya mama. “Masika, maman amekuomba ruhusa, utanyonya biberon saa ngapi?” Ukarudi nyumbani hunisemeshi. Sasa unajua kwa nini nilikwenda. Sikuombi uone nilifanya vizuri. Ningeweza kukuambia wewe, nyumbani, na kukuacha ulifikirie kwa akili yako. Badala yake nilikwenda kuongea fasi yako, kama siku zote. Ulipoanza shule, mwalimu alikuuliza jina lako, nikajibu mimi. Muuguzi alikuuliza unaumwa wapi, nikasema tumbo. Ulikuwa unaumwa sikio! Walikupa dawa ya minyoo, mwanangu, na wewe ukainywa ukinitazama.

Mama yangu, mukaka wako, hakunijibia hata siku moja. Nilipopata mimba aliniuliza tu, “Utafanya je?” na akangoja jibu. Nilimchukia kwa kungoja kule. Nilikuwa mtoto, nilitaka mtu anifanyie hasira, aende kwao na kijana, apige kelele. Alikaa kwenye kigoda, anachambua maharagi, anangoja. Nikajiapia mtoto wangu hatangojewa hivyo, mimi nitakuwa mbele yake. Na nimekuwa mbele yako mpaka umeshindwa kuona barabara.

Kuko kitu ambacho nadhani mimi nakijua na wewe hukijui bado, si kwa sababu ya akili, ni kwa sababu ya fasi tunayokaa kwenye gari. Wewe unaijaribu gari ikiwa tupu. Unaiendesha na Patron kwenye barabara nzuri, unasikiliza moteri, unatazama moshi, unarudi unafurahi. Sisi tunaipanda ikiwa imejaa. Kuko bidoni, kuko kuku, kuko mtoto kwenye mgongo, kuko shofere ambaye hakulala. Nguvu umeiongeza, na freni ziko zile zile. Na mbele kuko mtu anayeiona ile gari inakuja. Yule umfikirie pia. Anaweza kuwa msikari asiye na ndevu. Anaweza kuwa mama anayevusha mbuzi. Hana mashini ya kusoma ndani ya kichwa cha gari aone imefunguliwa na mtu mwenye moyo mzuri. Yeye anaona mbio tu.

Sijui namba gani zinafaa. Hiyo ni kazi yako. Pengine kuko njia ya kuipa gari nguvu ya kupanda kilima na kuiacha bila ile mbio ya barabara sawa. Pengine haiwezekani, na nimesema ujinga kama ule wa calculatrice. Utacheka, na ukicheka ni vizuri, lakini baada ya kucheka ufikirie.

Nakwenda kwenye neno la mwisho, kwa sababu mvua inapungua na utakuja.

Leo, ulipotoka tu, Kambale alipita. Viatu vimejaa matope, hakukubali kuingia, akasimama pale chini ya bati.

“Mama Masika, kesho asubui na mapema nakuja kumuchukua. Mais mbele ya kuondoka, umwambie anifungulie tena kidogo.”

“Tena?”

“Kidogo tu. Njia imekuwa mubaya, mama. Weye mwenyewe uliona. Siku ile bila ile nguvu tungalikuwa wapi?”

“Na asubui yake? Bila ile nguvu tungalikuwa wapi?”

Alitazama viatu vyake. “Ile ilikuwa bahati mubaya. Walihamisha bariyeri.”

“Na freni je?”

“Freni iko. Tunaongezaka na maombi.” Akacheka, na mimi sikucheka, na yeye akaacha.

Masika, jibu lilikuwa mdomoni mwangu, limejaa kabisa. Nilikuwa na majibu mawili hata. La kwanza lilikuwa: hapana kumugusia tena ile gari. La pili, lililokuja haraka nyuma yake: mufungulie, mwanangu, mufungulie yote, kwa sababu kesho ni wewe utakayekuwa ndani. Nilishika mlango. Nikamwambia, “Miye niko mama yake. Fundi ni yeye. Utamuuliza yeye kesho.”

Alinitazama kama amekosea nyumba. “Ah bon? Si weye njo unamusemeaka?”

“Nilikuwa namusemea,” nikasema.

Alikwenda zake. Nikakaa hapa na nikaanza kukuandikia.

Basi kesho atakuuliza, hapa mbele ya nyumba, moteri inawaka, watu wameshaingia, kila mtu anataka kuondoka. Atakuuliza akicheka, kwa sababu yeye anaogopa na hajui kuuliza kwa njia nyingine. Mashini yako itakuwa ndani ya begi. Ukisema ndiyo, nitaogopa kona na bariyeri. Ukisema hapana, nitaogopa kilima. Ukikaa Butembo maisha yako yote, nitaogopa kitu kingine, nitakitafuta mpaka nikipate. Kwa hiyo usinitazame kwa kutafuta jibu usoni mwangu, halitakuwepo. Uso wangu hauna akili kesho.

Itazame gari. Hesabu waliomo ndani kwa macho yako. Muulize anakwenda na mzigo gani, na freni zimetazamwa na nani. Chukua wakati wako, hata wakipiga honi, hata wakikuita bébé. Nitakuwa nimesimama mlangoni na nitakuwa nimefunga mdomo wangu kwa mkono kama nitalazimika, na hakuna mtu, hata mimi, atakayechomoa waya wako.

Halafu useme. Kwa sauti, nikusikie.

Mama yako